Salamu Zilizozidi Adabu

Isome taratibu, na ukimaliza mpelekee mzee wako. Kama macho yake yamechoka, msomee.

Alikuwepo nesi mstaafu mjini Tabora, jina lake Nyamizi, Mnyamwezi wa kuzaliwa na wa kujivunia. Mumewe alishatangulia, watoto wameolewa na kuoa huko mbali, na wengi aliofanya nao kazi hospitalini walikuwa wamebaki majina tu. Aliyemsalia kwa karibu ni mmoja, Mzee Mwinshehe, aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa. Huyu alikuwa Mzaramo, na baada ya kustaafu alirudi kwao Kisarawe.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutania hata msibani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Basi kwa miaka arobaini wawili hawa hawakuwahi kusalimiana kama binadamu wengine. Mwinshehe alimwita mpagazi, kwa vile Wanyamwezi wa kale walibeba mizigo ya misafara, naye alimwita mvivu wa pwani. Watoto walipowanunulia simu za kupangusa, matusi yakahamia humo. Kila asubuhi Nyamizi alipokea tusi moja kabla ya chai, na siku yake ikaenda vizuri.

Siku moja tusi halikuja. Kesho yake asubuhi ukaja ujumbe kutoka kwa Mwinshehe, na picha yake pembeni, kofia ikiwa upande kama kawaida yake.

"Shikamoo dada yangu mpendwa. Natumaini hujambo. Mimi nimelazwa, hali yangu si nzuri. Kuna namba yenye tarakimu sita imekuja kwenye simu yako kwa bahati mbaya. Naomba unitumie haraka, ni ya matibabu yangu."

Kweli, namba ilikuwa imefika. Chini yake paliandikwa kwamba asipewe mtu yeyote. Bintiye Kabula alikuwa amemwonya zaidi ya mara moja: "Mama, namba ile ndiyo ufunguo. Ukimpa mtu, yeye ndiye anakuwa wewe. Ataongea na watu wako kwa jina lako."

Lakini Kabula alisema mtu. Mwinshehe naye ni mtu wa kunyimwa?

Nyamizi alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena na tena, haikupokelewa. Akaandika: "Mbona hupokei?"

Jibu likaja upesi: "Daktari amekataza nisipokee simu. Nitumie tu namba, dada."

Hapo nesi akakunja uso. Katika miaka thelathini wodini hakuwahi kumwona daktari anayemkataza mgonjwa kuongea halafu akamruhusu kuandika. Akaamua kumchokoza.

"Wewe mvivu wa pwani, umelazwa au umelala tu?"

"Asante dada, Mungu akubariki. Nasubiri namba."

Nyamizi akausoma ujumbe ule mara mbili. Mwinshehe hakuwahi kuacha utani wake upite bila kuulipa. Lakini badala ya kumpa shaka, adabu ile ilimpa hofu. Alikuwa amewauguza watu wengi, na alijua kwamba mgonjwa akiacha kutania, ndugu waitwe. Akamwona rafiki yake kitandani, peke yake, anaomba kitu kimoja kidogo, na yeye anamnyima. Macho yakamjaa machozi. Akaanza kuandika. Tarakimu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Kidole kikasimama. Alikumbuka mwaka ambao Mwinshehe alipasuliwa ngiri. Alikuwa anasukumwa kwenda chumba cha upasuaji, uso umempauka kwa woga, naye Nyamizi ndiye aliyeshika machela. Mzee yule, meno yakigongana, alimwambia: "Mpagazi, shika vizuri. Ukiniangusha nitawashtaki ukoo mzima." Kama hata siku ile hakuacha utani, leo ameuachaje?

Akafuta zile tarakimu tatu, moja moja.

Kisha akafungua kabati na kutoa daftari lake kuukuu la majina, lile la kuandikwa kwa kalamu. Humo mlikuwa na namba ya Siwema, binti wa Mwinshehe anayeishi naye. Akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niambie ukweli, baba yako amelazwa wapi?"

"Alazwe wapi? Yupo uani. Ila tangu jana hataki kula wala hasemi kinachomsumbua. Simu yake kaifunika kwa mto."

"Mpelekee hii yako."

Nyamizi alisikia kandambili zikivuka ua, kuku wakifukuzwa, kisha pumzi nzito ya mtu mzima. Alijiandaa kumtukana. Mwenzake akamtangulia, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwake.

"Mpagazi, uko hai?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza wewe! Si umeniandikia kwamba unakufa?"

"Sijakuandikia kitu. Wewe ndiye uliyeniandikia juzi jioni. Kwa namba ngeni, lakini picha ni yako, ile ya kilemba cha bluu. Ukasema umebadilisha namba. Ukaniambia shikamoo kaka. Nyamizi, miaka arobaini hujaniamkia hata siku moja. Nikasema basi, huyu anakufa, ameamua kuniaga kwa heshima. Ukaniomba tarakimu sita. Ningekunyima vipi?"

Nyamizi akatafuta kiti, akakaa. Kumbe mwizi alikuwa mmoja, na mlango aliopita ulikuwa mmoja. Hakujua kwamba wale wazee hawasalimiani. Lakini wao walipoona adabu isiyo ya kawaida, kila mmoja aliona kifo cha mwenzake.

"Nilipompa tu, akaunti yangu ya ujumbe ikanifungia nje," Mwinshehe aliendelea. "Akili ikasema ni mwizi. Moyo ukakataa kutulia. Niliogopa kukupigia nikaambiwa umeshazikwa. Na simu ilipoita sikuitazama, nilijua ni watu wananiuliza kuhusu namba wanazoombwa kwa jina langu."

"Siwema hujamwambia?"

"Nimwambie nini? Baba yake, dereva aliyeendesha miaka yote bila kugonga hata mbuzi, kaliwa na mtoto wa juzi? Tafadhali usimwambie mtu. Nakuomba."

Hilo ndilo jambo lililomuuma Nyamizi kuliko wizi wenyewe. Rafiki yake hakuwa amekula tangu jana, si kwa kuibiwa, bali kwa aibu. Na wakati ameketi uani na aibu yake, mwizi alikuwa anaendelea kuandika kwa jina lake, kwa kila mstaafu aliyemo katika simu ile.

Akasema kwa upole wote aliokuwa nao: "Mwinshehe, nisikilize. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umewabeba wagonjwa, umeyaona. Mimi mwizi amenikuta na utani wetu, nikapona. Wenzetu wengine wanakuheshimu tu, na wewe huwasalimia vizuri. Wao watajuaje kama si wewe?"

Nyamizi alimsikia akivuta kamasi, naye hakumharakisha. Kisha akamsikia, mbali kidogo na simu, akisema: "Siwema, njoo mwanangu, ukae hapa. Kuna jambo limenipata."

Siwema hakucheka wala hakumgombeza. Alimshika mkono babaye kwanza, kisha akaishika simu na kuanza kuhangaikia akaunti irudi. Itachukua siku kadhaa, alisema. Lakini watu hawakuweza kusubiri siku kadhaa. Basi Nyamizi akasoma majina kutoka daftari lake kuukuu, na Mwinshehe akampigia kila mmoja kwa simu ya kawaida, kwa sauti yake mwenyewe, akirudia maneno yale yale yaliyokuwa yakimchoma: "Nimedanganywa. Anayekuandikia si mimi. Usimpe namba."

Mara ya kwanza alianza sentensi mara tatu. Mara ya tano sauti ilikuwa imekaa sawa.

Wa tisa alikuwa Mzee Nkinda, aliyekuwa mtunza dawa. Alipokea kwa furaha kubwa.

"Ah, Mwinshehe! Pole sana na ugonjwa. Nisamehe nimechelewa kukutumia ile namba. Nimeiandika kabisa kwenye karatasi kwa tarakimu kubwa, ila mjukuu wangu kakalia miwani, ndiyo anaenda kuitengeneza. Kumbe unaweza kuongea? Basi nikusomee hapa hapa?"

"Usisome!" Mwinshehe alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Ichane hiyo karatasi, Nkinda. Ichane nikisikia."

Akaisikia ikichanika. Ndipo yule dereva mstaafu alipolia waziwazi mbele ya binti yake, na hakuona haya tena. Jioni ile alikula sahani mbili.

Alipomaliza akampigia Nyamizi. Alitaka kusema asante, lakini neno lilikuwa zito mdomoni, kwa sababu halikuwa neno lao.

"Mpagazi," akasema mwishowe, "kesho asubuhi nitakupigia nikutukane kwa sauti. Nataka nikusikie ukiwa hai."

"Piga mapema," akajibu Nyamizi, "maana nyie wa pwani mnaamka adhuhuri."

Funzo: Mwizi wa mtandaoni anaweza kuiba jina lako na picha yako, lakini hawezi kuiba mazoea mliyoyajenga miaka mingi. Namba ya siri haitolewi kwa yeyote, hata kwa umpendaye. Ukiombwa, kwanza isikie sauti yake. Na ukishadanganywa, sema siku hiyo hiyo, kwa maana aibu unayoificha wewe ndiyo silaha anayowindia wenzako.