Bi Mbeyu na Mtu Aliyeona Ndani ya Chungu

Paukwa.

Pakawa.

Mmeitika upesi, jamani. Sijasema neno hata moja la maana, na ninyi mmekwisha kubali. Haya. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Zamani, zamani ile ambapo hakuna aliyeombwa cheti wala uzoefu wa miaka mitano, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Walifinyanga, wakachoma, wakapeleka sokoni, wakarudi na mtama. Chungu kikitoka kizima, watoto wanalala wameshiba. Chungu kikipasuka, watoto wanalala tu.

Msimu mmoja vyungu vikaanza kupasuka. Unavipanga, unavifunika kwa kuni na nyasi, unawasha, unangoja. Pa. Unangoja tena. Pa, pa. Unafukua majivu unaokota vigae. Nyumba hii, pa. Nyumba ile, pa. Kijiji kizima, pa, pa, pa.

Ila nyumba moja.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Kadzo, mjane mwenye watoto wadogo na mdomo usiojua kubembeleza. Vyungu vya Kadzo vilitoka motoni vizima, vyekundu. Ukivigonga kwa ukucha, vinalia ngiii.

Wasee, mnaona inakoelekea. Kijiji chenye njaa kikimwona mmoja ana mtama, hakiulizi anafanyaje. Kinauliza ametufanya nini.

Mkuu wa kijiji, Mzee Chengo, akatuma watu wamlete Mwarandu. Mwarandu alikuwa mpiga ramli wa kutoka mbali. Ilisemwa anaona kilichofichwa: ndani ya chungu, chini ya ardhi, ndani ya kifua cha mtu. Alikuja na kitambaa cheusi begani na buyu lenye mbegu mkononi. Akakaa katikati ya uwanja, akafumba macho, akatikisa buyu. Chaka-chaka. Chaka-chaka.

Na kijiji kile kilikuwa na desturi. Mpiga ramli akisema neno, watu wote huitika: taire. Yaani tumesikia, endelea. Asiyeitika ameivunjia mizimu heshima.

"Naona moto," akasema Mwarandu.

"Taire."

"Kuna mkono ndani ya moto. Mkono wa mwanamume."

"Taire," wakasema, kama watu wanaopiga miayo.

"Hapana. Wa mwanamke."

"Taire."

"Mwanamke mzee. La, si mzee. Bado ana nguvu."

"Taire."

"Ana mume. Mume aliondoka."

"Taire," na sauti ikapanda.

"Aliondoka asirudi. Yuko chini ya udongo."

"Taire," na sauti ikapanda zaidi, kuku wakakimbia.

Chaka-chaka-chaka. Mwarandu akainuka, macho bado yamefumbwa, akatembea. Akienda kushoto, taire inalegea. Akienda kulia, taire inawaka. Akaenda kulia, akaenda kulia, akasimama. Mbele yake, mtoto mgongoni, alisimama Kadzo.

Case closed. Chengo akatoa hukumu: siku ya soko Kadzo ahame, yeye na wanawe. Na kwa desturi za wakati ule hakuna kijiji kilichompokea mtu aliyefukuzwa kwa ramli. Njia ilikuwa moja, porini, na watoto wale wasingemaliza msimu. Kila mtu alilijua hilo. Kila mtu akatazama pembeni.

Sasa, alikuwepo bibi kizee mmoja, Bi Mbeyu. Nusu ya kijiji ilijifunza kufinyanga kwake. Ukimletea kazi mbovu, aliivunja mbele ya macho yako kisha akakukaribisha uji. Siku hiyo akasimama kwa fimbo yake.

"Chengo."

"Naam, hawe." Kwao hawe ndiyo bibi.

"Chungu kipya ukikitoa motoni, unakipeleka sokoni hapo hapo?"

"Hapana, hawe. Nakijaza maji kwanza."

"Kwa nini?"

"Nione kama kinavuja."

"Hata kikiwa kizuri?"

"Hata kikiwa kizuri."

"Na huyu mgeni, umemjaza maji?"

Watu wakacheka. Chengo hakucheka. Lakini Mwarandu akafungua macho akasema kwa upole, "Nijazeni, hawe. Ninachoona ninakiona."

Kumbukeni pia hilo. Hakuwa tapeli. Tapeli angeanza visingizio.

Basi Mwarandu akawekwa ndani ya nyumba. Uwanjani vikapangwa vyungu saba vinavyofanana, kila kimoja na kifuniko. Bi Mbeyu akavua bangili ya Kadzo mkononi mwake, akaitia katika kimoja, kijiji kizima kikitazama. Mwarandu akaitwa. Chaka-chaka.

"Si hiki," akasema kwenye cha kwanza.

"Taire."

"Wala hiki."

"Taire."

Akapita, akarudi, akapita. Akasimama. "Ni hiki."

Bangili ikatoka. Wakaificha upya, akaipata. Wakaificha tena, akaipata tena.

"Hawe," Chengo akasema, "tumejaza maji, hayavuji. Mwache mwanamke afunge mizigo."

Kadzo akamtazama bibi kizee. "Hawe, ulikuja kuniokoa, au kunizika vizuri zaidi?"

Bi Mbeyu akajikokota hadi kwake, akachota maji ya kunywa. Akameza. Uchungu. Akameza tena. Uchungu. Koo lilikuwa linamwuma kama la mtu aliyeshinda akifukuza ndege shambani.

Mbona koo?

Akakaa na swali hilo, kata ya maji mkononi. Akakumbuka chungu cha kwanza: aliitika taratibu. Cha pili, taratibu. Kile chenye bangili: aliitika kwa koo lote. Hakukusudia. Yeye aliyetaka mgeni ashindwe, yeye aliyekuwa akimwombea mabaya kimoyomoyo, mdomo wake mwenyewe ulikuwa unamshika mkono na kumpeleka. Kama mdomo wake ulifanya hivyo, ya wengine je?

Ni kama zile intavyu zetu. Wameketi mbele yako watano, wanauliza, wanaandika, na mwenye kazi alishajulikana kabla hujapiga pasi shati. Pale hakuna anayetafuta jibu. Limo chumbani tayari, wewe umeitwa kuitikia.

Asubuhi Bi Mbeyu akaenda kwa Mwarandu, akamchukua na Chengo awe shahidi.

"Mwanangu," akamwambia Mwarandu, "ili uone vizuri, unahitaji nini?"

"Buyu langu. Kitambaa changu. Ubani. Na watu waitike."

"Vyote utapata. Na watu wataitika. Kuna kingine? Sema sasa. Baadaye usije ukaniambia mizimu haikupenda upepo."

"Hakuna kingine, hawe."

"Ukiona kama ulivyoona jana, Kadzo atahama, na mzigo wake nitaubeba mimi. Na usipoona?"

Mwarandu akafikiri. Alikuwa hajawahi kuulizwa.

"Nisipoona bangili," akasema, "basi hata Kadzo sikumwona."

"Chengo, umesikia?"

"Nimesikia."

Watu wakakusanyika. Vyungu vile vile, vifuniko vile vile, ila safari hii nyuma ya ua, mbali na macho. Bi Mbeyu alikuwa amevijaza vyote nyasi kavu, bangili isije ikalia. Chengo peke yake akaingia, akaificha katika kimoja, akatoka, akaenda mtoni, akaambiwa akae huko huko hadi aitwe. Kisha Bi Mbeyu akaingia. Hakufunua kitu. Akavichanganya vyungu, hiki huku, kile kule, hata yeye akapotea. Ndipo vikaletwa uwanjani.

"Iko wapi?" watu wakanong'ona.

"Sijui."

"Chengo anajua?"

"Alijua. Nimevichanganya, sasa hajui."

"Basi nani anajua?"

"Hakuna."

"Sasa tutajuaje kama amesema kweli?"

"Tutafunua chungu, wanangu. Kwani mlikuwa mnataka kujuaje?"

Mwarandu akatoka. Ubani ukafuka. Chaka-chaka.

"Si hiki."

"Taire."

"Wala hiki."

"Taire."

Taire, taire, taire. Zote sawa, bapa, kama uwanja uliofagiwa. Mwarandu akapita, akarudi, akapita. Jasho likamtoka. Akarudi alikoanza. Akasimama kwenye kimoja muda mrefu, kama mtu anayesikiliza mlango wa nyumba isiyo na watu.

"Hiki," akasema.

Nyasi tupu.

Wakarudia vile vile. Nyasi tupu. Wakarudia. Safari hii bangili ikatoka, na watu wakarukaruka, "Ameona, ameona, si tulisema?"

"Kaeni," akasema Bi Mbeyu. "Nami nikifumba macho nikanyoosha kidole, ipo siku nitaigusa. Rudieni."

Wakarudia. Nyasi. Wakarudia. Nyasi.

Ndipo Bi Mbeyu akafanya lile linalomfanya akumbukwe. Mtu mwingine angeishia hapo, apige vigelegele, amfukuze mgeni kwa mawe. Yeye akamwomba Mwarandu arudi ndani ya nyumba. Akachukua bangili, akaiinua juu kila mtu aione, akaitia ndani ya chungu cha pembeni mbele ya macho yao wote. Akamwita.

Chaka-chaka. Taire. Taire. Taire, ikapanda. Mwarandu akaenda moja kwa moja hadi cha pembeni.

"Hiki."

Bangili.

Hakuna aliyeruka. Hakuna aliyecheka.

"Tukijua sisi, anaona," Bi Mbeyu akasema. "Tusipojua, haoni. Niambieni basi, anayeona ni nani?"

Mwarandu akaketi chini. Akaliweka buyu mapajani, akaligeuza, akaligeuza, kama mtu aliyegundua kwamba kitu alichorithi si cha babake.

"Hawe," akasema, "mimi nasikia sauti inaniambia hapa, hapa. Tangu ujana wangu naisikia. Nilidhani ni mizimu."

"Najua, mwanangu. Koo langu linauma."

Chengo, aliyekwisha kuitwa kutoka mtoni, akakohoa. "Kwa hiyo, hawe, ametudanganya."

"Lini?" Kadzo akauliza. Alikuwa amesimama pale pale tangu asubuhi, na sauti yake ilikuwa kavu. "Mzee Chengo, aliposema mwanamume, uliitikaje? Aliposema mjane, uliitikaje? Nilikuwa hapa. Nilisikia kila koo. Mgeni hakujua hata jina langu. Mlimtajia ninyi."

Nani angebisha? Kila mmoja alijua kwa yakini ni wapi sauti yake ilipanda.

"Mbona vyako havipasuki?" mwanamke mmoja akauliza, pole pole, na kwa mara ya kwanza msimu ule lilikuwa swali kweli.

"Si mlininyima shimo jipya la udongo, hili la msimu huu," Kadzo akajibu. "Mlisema asiyeleta pombe ya kulifungulia asichimbe. Sikuwa na mtama wa pombe. Nachimba lile la zamani, kule mlikoliacha."

Watu wakatazamana. Kisha, mnajua walifanya nini? Sauti moja ikasema, "Taire." Na nyingine, "Taire." Ikaanza kupanda, ni shimo, ni shimo jipya.

Fimbo ya Bi Mbeyu ikagonga chini. Ko.

"Mmeanza tena. Jana alikuwa Kadzo, leo ni shimo. Mimi sijui kama ni shimo. Ninyi mnajua?"

Watu wakatazama chini.

"Basi jazeni maji."

Wakafinyanga vyungu kwa udongo wa shimo jipya, wakafinyanga vingine kwa udongo wa shimo la zamani, kila shimo na alama yake chini kwenye kitako, pasipoonekana. Mwarandu ndiye aliyevipanga, maana hakujua kusoma udongo. Moto mmoja, kuni zile zile. Wakangoja. Pa. Wakangoja. Pa, pa. Walipofukua, Chengo mwenyewe aligeuza vigae kimoja kimoja. Vya shimo la zamani vilikuwa vizima; kila kigae chenye alama kilikuwa na alama ya shimo jipya, na katikati ya mivunjiko mlijaa punje nyeupe za chokaa.

Kadzo hakuhama. Chengo alikwenda mlangoni kwake na pombe, akamwomba radhi. Kadzo aliipokea pombe. Ile radhi hakuijibu siku ile, wala msimu ule, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alikuwa amewasikia.

Mwarandu alikaa pale hadi mvua. Buyu lake alilitoboa juu, akatoa mbegu, akampa Kadzo achotee maji.

Na Bi Mbeyu? Alikufa kwa uzee, kama tutakavyo sote. Lakini kule, hadi leo, mtu akisimama na habari kubwa, wa kwanza kuuliza anauliza: umejaza maji?

Funzo mnalo. Anayekuambia kitu kwa sauti kuu si wa kuogopwa sana. Ogopa mahali koo lako mwenyewe linapopanda, maana pale huenda kuna mtu anapelekwa porini na wewe ndiye unayeonyesha njia. Na ukitaka kujua kweli, jipangie pia namna ya kushindwa, useme mapema ni nini kitakachoonyesha kwamba umekosea.

Hadithi yangu naitua hapa, anayetaka aigonge kwa ukucha asikie kama inalia.

Paukwa.

Naam. Safari hii hamkuitika upesi, mnafikiri kwanza.