Ndiva Iliyomo Ubongoni

Mwaka ule maduka ya Same yalikuwa yamejaa tena. Sabuni na sukari, ambazo wakati wa dhiki watu walizipangia foleni tangu alfajiri, sasa zilirundikana kama mawe ya mtoni. Lakini ruhusa ya biashara ilikuja pamoja na karo, na kule juu milimani Chome bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Kila ukoo ulilazimika kuamua ni mtoto yupi asome na yupi ashike jembe.

Katika ukoo wa mzee Zebedayo, mtoto aliyesubiri uamuzi huo alikuwa Dorkas, aliyefaulu kwenda sekondari. Baba yake alikwisha fariki, hivyo neno la mwisho lilikuwa la Zebedayo, baba yake mdogo. Ndiye pia aliyesimamia ndiva, lile bwawa la ukoo linalozibwa jioni ili lijae usiku, na kuzibuliwa alfajiri maji yashuke mashambani. Dada mkubwa wa Dorkas, Rogathe, alikuwa amerudi punde kutoka ng'ambo, alikosomea sayansi ya ubongo kwa ufadhili. Tangu utotoni alikuwa mkimya kama kivuli, na watu walimwita Bubu.

Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya ukoo mzima, Zebedayo alipuliza pembe, na watu wakatoka makwao na majembe kuzoa tope ndivani. Walipoketi kula makande, Zebedayo alimgeukia Rogathe.

"Haya Bubu, tuambie. Umesomea kutibu ugonjwa gani?"

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Shikamoo haitibu mtu."

Watu wakacheka. Rogathe akajibu polepole, "Sikusomea ugonjwa. Nimesomea seli za ubongo zenye umbo la nyota. Zinaitwa astrosaiti. Seli za neva huzungumza kwa umeme, lakini hizi zilipopimwa hazikutoa umeme kama zile za neva. Basi kwa miaka mingi wataalamu walizihesabu kuwa gundi tu, ya kuzishikilia zile nyingine."

Zebedayo akajipiga paja. "Jamani! Miaka yote ng'ambo, kusomea gundi! Bubu kasomea mabubu! Na huyu Dorkas naye aende akasomee ulimbo? Atabaki hapa alime na mama yake."

Kicheko kikapanda hadi ukingoni mwa msitu. Dorkas akainamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Rogathe alimtazama mdogo wake, kisha akasimama, yeye ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watu.

"Baba mdogo, pembe uliyopuliza asubuhi iliingia ndani ya nyumba ya nani?"

"Pembe itaingiaje nyumbani kwa mtu? Mwenye masikio alisikia, akatoka."

"Ndivyo ilivyo. Neva ikitaka kusema na mwenzake, humwaga kemikali kidogo. Astrosaiti ina masikio kwenye ukuta wake. Kemikali hugusa sikio hilo, wala haihitaji kuingia. Hapo mjumbe hukimbia ndani ya seli, mpaka kwenye ndiva."

"Ndiva?"

"Ndiva, baba. Ila yenyewe haina maji, ina kalsiamu, madini yaleyale ya mifupa. Mjumbe akifika, kizibo hufunguka na kalsiamu hufurika ndani ya seli. Jirani naye hupata habari, akafungua ya kwake, na jirani wa pili vilevile, kama maji yanavyoshuka tuta kwa tuta. Kisha kila seli huirudisha kalsiamu ndivani kungoja mwito mwingine. Sisi tulizitia seli hizo rangi inayong'aa kalsiamu inapopanda. Nikadondosha tone la kemikali, nikachungulia kwenye hadubini. Giza. Halafu nyota moja ikawaka, na jirani yake, na jirani yake. Na zikishaamka, nazo huzijibu neva. Hazikuwa bubu, baba mdogo. Zilikuwa zikisikilizwa kwa sikio lisilofaa."

Makande yalipoa mikononi mwa watu. Ghafla Zebedayo akaangua kicheko, lakini safari hii hakumcheka Rogathe.

"Mnamkumbuka yule bwana wa gari, mtaalamu wa maji aliyetumwa na serikali? Alifika jioni, akakuta ndiva imezibwa, imetulia tuli. Akasema bwawa limekufa, lifukiwe! Akaenda kulala kule bondeni, viatu kaviacha barazani. Alfajiri tulipozibua, maji yalivisomba, tukavikuta kwenye mahindi ya mama Redempta!"

Mzee mmoja akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo kalsiamu itamponya nani?"

"Bado hatujui yote," Rogathe akasema. "Ndiyo maana wanahitajika watu zaidi wa kuchungulia."

Zebedayo akasimama na kukung'uta tope magotini. "Ndugu zangu, kahawa ya shamba langu la bondeni ndiyo karo ya Dorkas. Anayebisha na aseme sasa." Hakuna aliyebisha. Dorkas alimkumbatia dada yake, na tope lao likachanganyika.

Kufikia jioni Zebedayo alikuwa akimsimamisha kila mpita njia na kumweleza habari za astrosaiti, kifua mbele, kana kwamba yeye ndiye aliyechungulia hadubini. "Ni binti yetu huyo," alimaliza kila mara, "Rogathe." Jina la Bubu halikutamkwa tena Chome, kwa maana watu walikuwa wameshuhudia kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa.