Kanali Dovgirdi na Neno la Baraza

Nisogezeeni masikio.

— Yamesogea.

La kushoto?

— Na la kulia.

Basi naanza, na mimi nikianza sirudi nyuma.

Hapo kale, kale ya mbali, katika nchi ambako maji ya mto huwa magumu hata farasi akapita juu yake asilowe kwato, aliondokea bwana mmoja jina lake Onufri Dovgirdi. Msiniulize nilifikaje huko. Mimi nimeishia darasa la sita, lakini aliyeishia chuo kikuu alikuja kwangu kuiuliza hadithi hii, na nikamwambia angoje.

Nchi yake ilikuwa nchi mbili zilizooana, Polandi na Lituania. Mfalme mmoja, baraza moja. Kuizunguka walikaa wafalme watatu, mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja kusini, na wote watatu waliitazama ile nchi kama mnavyotazama sahani ya jirani.

Ndani ya nchi kulikuwa na watu wa namna mbili. Kulikuwa na mamwinyi, wenye panga na majina marefu. Na kulikuwa na watwana, waliofungwa na ardhi. Shamba likihama mkono nao wanahama nalo, kama miti iliyomo.

Dovgirdi alikuwa mwinyi. Lakini mwinyi wa paa linalovuja. Alikuwa na farasi mmoja, shamba moja la shayiri, na alililima mwenyewe. Sasa, mwinyi anayelima atajulikanaje kuwa ni mwinyi? Kwa upanga. Basi Dovgirdi alilima na upanga kiunoni. Akienda na plau, upanga unagonga plau, kwa, kwa, kwa, mpaka mwisho wa tuta.

Mpakani mwa shamba lake palikuwa na karakana ya mhunzi, mtwana wa mwinyi mwingine. Mhunzi huyo jina lake Yurgis. Kila asubuhi Yurgis alimwamkia kofia mkononi.

"Bwana, huo upanga unapalilia au unapanda?"

"Unanikumbusha mimi ni nani, Yurgis."

"Vizuri, Bwana. Maana plau imeshasahau. Tuta lako limepinda kama mkia wa nguruwe."

Hayo ndiyo mazungumzo yao, miaka na miaka.

Sasa sikilizeni desturi ya baraza lao, maana bila hiyo hakuna hadithi. Mamwinyi walikutana kanisani. Mwenye kiti alishika fimbo ndefu, akagonga sakafu mara tatu, akauliza: "Sheria za babu zetu ziendelee?" Wote wakajibu, "Ziendelee." Hilo lilikuwa swali la kufungulia mkutano tu. Hakuna aliyelifikiria, kama wewe unavyojibu "nzuri" na jino linakuuma.

Baada ya hapo mambo yanasemwa. Na jambo haliwi jambo mpaka wote wakubali. Wote, hata wa mwisho. Mmoja akisimama akasema "Sikubali", jambo limekufa, na baraza limekufa nalo, kila mtu achukue kofia yake arudi kwake. Waliipenda sana desturi hiyo. Waliiita uhuru.

Wafalme watatu wakaja mara ya kwanza. Baraza likaitwa. Fimbo ikagonga, sheria zikaendelea, wakaulizwa: twende vitani? Watu mia mbili wakasema twende. Akasimama mzee mmoja mnene, Bwana Gintovti, ndiye mwenye Yurgis.

"Sikubali."

"Kwa nini, Bwana Gintovti?"

"Nimekalishwa mlangoni. Upepo unaniingia kiunoni."

Baraza likafa. Dovgirdi akaenda vitani hivyo hivyo, na vijana arobaini wenye vichwa vya moto. Wakakizuia kivuko cha mto siku tatu. Siku ya nne farasi wake akauawa, akarudi kwa miguu, tandiko begani. Wafalme wakamega theluthi ya nchi.

Wakaja mara ya pili. Baraza likaitwa. Fimbo ikagonga, sheria zikaendelea, watu mia mbili wakasema twende. Akasimama Gintovti.

"Sikubali."

"Upepo tena?"

"Jana kwenye karamu bata alipelekwa kwanza kwa mkwe wangu."

Baraza likafa. Dovgirdi akaenda na watu mia mbili, mahodari kweli, akawaingiza adui kwenye matope ya mafunjo mpaka mizinga ikazama hadi magurudumu. Huko akapoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, akapata cheo cha kanali. Mimi naona kabadilishana vibaya. Wafalme wakamega theluthi ya pili.

Sasa imebaki theluthi moja, na katika hiyo ndimo lilimo shamba la Dovgirdi, na karakana ya Yurgis, na watu wote mliokwisha kuwasikia. Hiyo ikienda, nchi haipo tena.

Kanali Dovgirdi akahesabu mamwinyi waliobaki na miguu miwili. Hawatoshi. Akavuka mpaka, akaingia karakana.

"Yurgis, ninyi mko wangapi vijijini?"

"Wenye nguvu ya kukata nyasi? Mia tatu, Bwana."

Nyasi huko hukatwa kwa mundu mrefu, mpini sawa na kimo cha mtu, chuma kimelala ubavuni. Yurgis alichukua mmoja, akautia motoni, akaugonga mpaka chuma kikasimama wima juu ya mpini kama mkuki. Akampa kanali aushike.

"Wote mia tatu naweza kuwanyooshea hivyo kwa siku sita," alisema. "Lakini nitapigania nini, Bwana? Tukishinda, mimi ni wa Gintovti. Tukishindwa, mimi ni wa mtu mwingine. Kwangu ni kubadilisha bwana wa kumvua viatu tu."

"Nitakuahidi uhuru."

"Baba yake Gintovti alimwahidi baba yangu uhuru, akapigane na Waswidi. Akapigana. Akarudi na jicho moja. Bwana akamuuliza, ahadi ipi? Ahadi ya bwana siitaki. Nataka sheria ibadilike, barazani, mbele ya fimbo. Hapo mia tatu tunakuja."

Dovgirdi akatoka. Akaenda kwa mwinyi wa kwanza, huyo akasema, "Mimi sina neno, lakini muulize Gintovti." Akaenda kwa wa pili, naye, "Sina neno, muulize Gintovti." Akaenda kwa Gintovti. Alimkuta kitini, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Watwana wawe huru?" Gintovti alisema. "Na hiki kiatu cha pili atakivua nani?"

"Nchi inaondoka, Bwana Gintovti."

"Nchi imeondoka mara mbili na viatu vyangu vimevuliwa kila siku. Liite baraza lako. Unajua nitakalosema."

Alijua. Na ninyi mnajua. Basi niambieni, mngefanya nini? Kumpiga? Huyo mzee ana wana saba. Kumbembeleza? Mmeona. Dovgirdi alikwenda shambani, akafunga plau kwa ng'ombe wa kuazima, akalima. Kwa, kwa, kwa. Alipofika mwisho wa tuta la tatu, akasimama, akaushika upanga usigonge. Kisha akatuma watu waliite baraza.

Siku ikafika. Kanisa likajaa. Nje, kwenye theluji, Yurgis na watu mia tatu wamesimama, miundu begani, wanangoja. Gintovti amekalishwa mbele kabisa, mbali na mlango, hana pa kulalamikia, na bado uso wake una raha ya mtu aliyekuja na jibu.

Mwenye kiti akagonga fimbo. Moja. Mbili. Tatu.

"Sheria za babu zetu ziendelee?"

"Ziendelee," wakasema watu mia mbili.

"Sikubali," akasema Dovgirdi.

Kikohozi cha mtu kilisikika, kikakoma. Mwenye kiti alimtazama, akamsogelea, akasema kwa upole wa kumwambia mgonjwa:

"Kanali, hilo ni swali la kufungulia tu. Mambo bado."

"Nalijua. Nimelijibu miaka ishirini. Leo sikubali."

Gintovti akacheka. Akacheka tena, mara hii kidogo. Ya tatu haikutoka.

"Ngoja," alisema. "Sheria zisipoendelea, mtwana wangu anafungwa na nini?"

"Hafungwi na kitu."

"Na ardhi yangu ni yangu kwa nini?"

"Kwa kuilima, nadhani. Mimi si mwanasheria."

"Ulizeni tena," Gintovti alisema. "Mwenye kiti, gonga fimbo, uliza tena."

"Mtu akishasema neno hilo baraza limekufa," mwenye kiti alijibu. "Wewe ndiwe uliyetufundisha, Bwana Gintovti. Mara mbili."

Mzee alikaa. Kisha akili ikamrudia, akamnyoshea Dovgirdi kidole.

"Na wewe? Sheria iliyomfunga Yurgis ndiyo iliyokufanya wewe mwinyi. Ukoo wako miaka mia nne. Umeukata kwa neno moja. Huo upanga umeuvaa kwa ruhusa ya nani?"

Dovgirdi alifungua mkanda, akauweka upanga juu ya benchi, taratibu, kama anavyolazwa mtoto. Akatoka nje.

"Wamekubali?" Yurgis alimuuliza.

"Hapana. Nimekataa."

Akamweleza. Yurgis alisikiliza mpaka mwisho, akageuka, akawaeleza mia tatu. Walichukua muda. Mmoja alitaka aelezwe mara mbili. Kisha Yurgis akarudi.

"Kwa hiyo na wewe sasa si kitu."

"Si kitu."

"Utatuongoza kwa cheo gani?"

"Kwa kuwa najua mizinga inavyopigwa, na ninyi hamjui."

"Hiyo inatosha," Yurgis alisema, na akavaa kofia yake.

Wakaenda. Msinihimize, vita naifika sasa.

Mizinga ya adui ilikuwa kumi na miwili, imepangwa kilimani. Askari hutembea kwa mstari ulionyooka, na mzinga unapenda mstari ulionyooka, risasi moja huangusha wanane. Lakini hawa walikuwa wakata nyasi. Mkata nyasi hasimami sambamba na mwenzake, atamkata muundi. Husimama hatua moja nyuma yake na hatua moja pembeni, na wa tatu vivyo hivyo, mpaka safu yote inalala mshazari. Hawakujua kwenda namna nyingine. Dovgirdi alipowaona akafungua kinywa kuwapanga, akakifunga.

Mizinga ikalia. Waliopigwa ni wachache. Wapiga mizinga wakashindilia tena, na kushindilia mzinga huchukua muda wa mtu kukata safu moja ya nyasi mpaka mwisho. Hilo nalo wale watu walilijua mwilini, hawakuhitaji saa. Walipanda kilima kwa mwendo wa kukata nyasi, wala hawakukimbia, na mizinga ilipokuwa tayari kulia mara ya pili haikuwa na mtu wa kuiwasha.

Wakaiteka yote kumi na miwili. Mimi ningekuwepo ingekuwa kumi na mitatu.

Wiki saba ile theluthi ya nchi ilikuwa huru, na kila mtu alilima alipotaka. Wiki ya nane wafalme watatu wakaja pamoja, kila mmoja na jeshi lake. Mtu mmoja mbele ya watu mia, hesabu hiyo haina ujanja. Watu wa Dovgirdi wakashindwa. Waliobaki hai, tisini na mmoja, wakakamatwa ng'ambo ya mto, Yurgis na Dovgirdi wamo.

Ofisa wa mfalme wa mashariki aliweka meza uwanjani. Pembeni yake ameketi Gintovti, mwinyi tena, wa mfalme mpya, viatu vinang'aa. Kazi yake ni kutambua watu.

"Huyu ni wetu," alisema, alipofikishwa Dovgirdi. "Mwinyi kamili, ukoo wa miaka mia nne. Ana ukaidi tu."

"Mwinyi anamwapia mfalme wetu utii na kurudi kwake," ofisa alisema. "Ni kweli wewe ni mwinyi?"

"Na hawa?" Dovgirdi aliuliza.

Ofisa alikuwa mtu wa utaratibu. Alimweleza bila chuki.

"Inategemea jibu lako. Kama wewe ni mwinyi, basi sheria yenu haikuvunjika siku ile. Kama haikuvunjika, hawa ni watwana waliotoroka na kumwinulia bwana wao chuma, na hao tunawanyonga. Kama ilivunjika, hawa ni askari walioshindwa vita. Askari hatuwanyongi. Wanatembea kwenda nchi ya theluji, miezi mitatu, wakifika wanafanya kazi migodini."

"Basi mimi si mwinyi."

"Onufri, usiwe mjinga," Gintovti alisema. "Nyumba yako ipo. Paa nimekuzibia."

"Mimi ni mkulima. Natembea."

Ofisa alipiga kalamu mezani. Alitaka shahidi. Akamwita Yurgis, akamuuliza, je, mtu huyu kweli ni mkulima?

Yurgis alimtazama Dovgirdi toka kichwani mpaka miguuni.

"Ni mkulima," alisema. "Mbovu sana. Lakini ni mkulima."

Ofisa akaandika. Watu tisini na mmoja wakafungwa minyororo wawili wawili, mmoja akabaki peke yake mwishoni. Yurgis akafungwa na Dovgirdi, mguu kwa mguu. Wakaanza safari asubuhi hiyo hiyo. Dovgirdi, aliyezoea farasi na amri, alikuwa na hatua ndefu, na mnyororo ukawa unamvuta mwenzake.

Walitembea hivyo mpaka kijiji kikapotea nyuma yao. Ndipo Yurgis akasema, bila kumtazama:

"Onufri, fupisha hatua. Tuko wawili hapa."

Onufri akafupisha.

Hapo ndipo nilipowaacha, wao wanaenda, mimi narudi. Hadithi ikiwakolea, ni yangu. Isipowakolea, ninyi mmeisikiliza vibaya.

— Tumeisikiliza vizuri.

Basi ni yangu.