Matone ya Kadzo

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni basi, na anayecheka nimwone, maana hadithi hii huniudhi kila ninapoitoa.

Hapo kale paliondokea mfalme, Mwamuye, na binti yake wa pekee, Kadzo. Kadzo alikuwa na kifafa. Alianguka jikoni, alianguka kisimani, alianguka hata akicheka. Akaitwa mganga, Bi Mbodze, mwanamke mkali asiyejua kubembeleza.

Mbodze akachemsha mizizi, akadondosha tone moja kijikoni.

"Tone?" Mwamuye akafoka. "Nyumba hii hata mgeni hupewa kata iliyojaa! Binti yangu ni kuku?"

"Dawa haijui cheo, Mfalme. Tunaanza na tone, tunautazama mwili, ndipo tunaongeza. Haba na haba hujaza kibaba."

"Kata nzima, au utoke!"

Jamani, ninyi mngefanyaje? Mbodze akakusanya mizizi yake aondoke. Lakini akamwona Kadzo, ulimi umejaa vidonda vya kujiuma, na miguu ikakataa kutoka. Akajaza kata maji, akadondoshea tone lake. Mfalme akaridhika, mjinga yule!

Tone moja, Kadzo akaanguka. Mawili, akaanguka kwa nadra. Matatu, hakuanguka tena. Mbodze akajaribu manne: mtoto akasinzia mchana kutwa, maneno yakamkwama. Mbodze akarudi kwenye matatu, akatulia hapo.

Siku moja Mwamuye akaionja ile kata. "Maji! Unamnywesha mwanangu maji!" Akanyakua kibuyu cha dawa yenyewe, akajaza kata pomoni, akamwendea Kadzo.

Mbodze akamzibia njia. "Kwenu mkubwa hunywa kwanza, sivyo? Basi kunywa!"

Mila ni mila. Mfalme akapiga funda la kwanza, akakunja uso. La pili, magoti yakalegea. La tatu, chali! Mbodze akaipiga teke ile kata, dawa ikamwagika yote.

Akalala huyo, akijitapikia na kujikojolea, mtu mzima na ndevu zake! Alipofumbua macho, ulimi ulikuwa mzito.

"Kadzo... amekunywa?"

"Amekunywa."

"Kiasi gani?"

"Matone matatu."

Mwamuye akalia kama mtoto. "Usimwongeze, Bi Mbodze," akasema. "Nakuomba, usimwongeze hata moja."

Nami kinywa changu nakifunga. Utamu wa hadithi kaeni nao. Uchungu wake mpelekeeni asiyejua kungoja.