Kiboko na Mchezo wa Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nani?

Pakawa wawili, mmoja mnene, mmoja mfupi.

Walifanyaje?

Tuambie wewe, sisi tumeshakaa.

Basi palikuwa na Kiboko na Pimbi. Kiboko alikaa bwawani. Pimbi alikaa juu ya jabali, mdogo, hana hata mkia wa kufukuzia nzi.

Kiboko alikuwa na mchezo wa simu ulioitwa Vuka Bwawa. Alitengenezewa na fundi mmoja, Fungo, ambaye baadaye alihama. Ndani yake chura anaruka, anatua juu ya yungiyungi, anaruka tena. Tii! Tii! Tii! Akikosea, chubwi! majini. Wanyama wote waliupenda, ila Kiboko alikuwa na sharti lake: raundi moja, tita moja la majani mabichi. Huna tita, huchezi.

Pimbi alikuwa akikata majani kwa meno kutwa nzima apate tita. Anacheza kidogo, chura anaanguka, chubwi! Kiboko anaweka mguu juu ya simu. "Lete tita jingine!"

Pimbi akachoka. Akapanda jabalini kwake, akaanza kutengeneza mchezo wake. Hakuchukua chura wa Kiboko. Hakuchukua yungiyungi la Kiboko. Alichora panzi, akachora mawe, akaandika programu mstari kwa mstari mwezi mzima, na sauti ya kuanguka akaitoa kwa kinywa chake mwenyewe: puu! Akauita Ruka Jabali. Kisha akawaita wanyama.

"Chezeni, ni bure. Programu yake hii hapa, iko wazi. Anayetaka anakili, ampe mwenziwe, arekebishe apendavyo."

Ngiri akachukua. Kanga akachukua, akamtia panzi madoa. Mchezo ulipogoma, Tumbili aliurekebisha, akawagawia wengine. Siafu wakachukua wote, kila mmoja na simu yake.

Bwawani matita yakakoma. Kiboko akatoka majini, du! du! du! hadi chini ya jabali.

"Wee Pimbi! Kwangu wanaruka, kwako wanaruka! Kwangu wanaanguka, kwako wanaanguka! Umeniibia!"

"Mzee Kiboko, nimekuibia chura?"

"Hapana."

"Nimekuibia yungiyungi?"

"Hapana. Umeniibia kuruka!"

Wakaenda kwa hakimu, Korongo, aliyesikiliza kesi zote kwa mguu mmoja. Kiboko alitaka mchezo wa Pimbi ufutwe kwenye kila simu, au uwe wake. Pimbi akajieleza vizuri sana. Alipomaliza, akamwona Korongo akiliangalia bwawa. Korongo alikuwa akivua samaki mle kila asubuhi, kwa ruhusa ya Kiboko. Pimbi akajua hukumu itaelekea wapi. Mwezi mzima wa kazi, na wale wote wanaocheza! Akafikiri haraka.

"Mheshimiwa, nimeshindwa," akasema. "Mchezo ni wa Mzee Kiboko."

Wanyama wakaguna. Kiboko akatabasamu, meno yote nje.

"Naomba tu iandikwe vizuri, Mzee asipunjwe. Mzee, kuruka ni kwa nani?"

"Kwangu!"

"Kuanguka je?"

"Kwangu!"

"Na mchezo ukigoma, uliogoma ni wa nani?"

"Wangu! Ukigoma wangu, usipogoma wangu!"

"Mwingine asije akaugusa kuurekebisha?"

"Asithubutu!"

"Na mwenye shida nao aende kwa nani?"

"Kwangu! Kwa mwingine afuate nini?"

Korongo akaandika yote, akagonga muhuri, kwaa!

Siku ya tatu mchezo ukagoma. Michezo ya simu hugoma yenyewe. Kama Pimbi aligusa kitu, mimi sikuwepo. Ngiri akaenda bwawani. "Hodi, Mzee Kiboko. Mchezo wako umegoma." Kanga akaenda. "Hodi, Mzee Kiboko. Panzi wako madoa yamemfutika." Tumbili akaenda. "Hodi, Mzee Kiboko. Ningeurekebisha, lakini umekataza." Kisha wakaja siafu, wote, kila mmoja na lake.

Kiboko akaifungua programu. Hakuelewa hata mstari mmoja. Akabonyeza, na kwa mguu ule akabonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Panzi akaanza kuruka kinyumenyume. Kiboko akazama, chubwi! Wakamngoja ukingoni. Akatoa pua.

"Samahani kukusumbua, Mzee Kiboko!"

Akazama tena. Akatoa pua tena.

"Samahani kukusumbua, Mzee Kiboko!"

Hakupata hata nafasi ya kwenda malishoni. Siku ya saba akapanda jabali, yeye na uzito wake, akiteleza na kuhema, hhu! hhu! hhu! Ngozi ilikuwa imemlegea.

"Dada Pimbi, chukua mchezo wako."

"Mimi? Si wako, Mzee?"

"Chukua, nakuomba. Siafu wameingia masikioni."

Pimbi akamtazama. Alimwonea huruma, lakini si sana. "Nitauchukua ukikubali iandikwe kwamba kuruka hakuna mwenyewe, na kuanguka hakuna mwenyewe. Chura ni wako. Mayungiyungi ni yako. Hayo sikuyagusa na sitayagusa."

"Andika! Andika upesi!"

Korongo akaitwa, akafuta, akaandika upya, akagonga, kwaa! Mchana ule ule Tumbili akamfanya panzi aruke mbele.

Hadithi nimeitua hapo. Ikikufaa, jitwike, isipokufaa, iache njiani, atapita mwenye mgongo wake.

Na funzo lake ni hili: kuiga ni vibaya, na mwenye nguvu hashindwi na mdogo hata siku moja. Ndivyo Kiboko anavyowafundisha wanawe.