Nani Aliyempata Mwasiti?

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi aegemee ukuta, maana hata mimi ninayesimulia nimechoka. Kisa hiki kimetuchosha wote mtaani kwetu Kondoa na mpaka leo hatujakimaliza. Nianze na watu watatu, na kile alichojaliwa kila mmoja.

Wa kwanza ni Mwalimu Zamzamu, aliyefundisha watoto Kurani kwa miaka thelathini na miwili. Alijaliwa sikio. Ukisoma mbele ya chuo chake ukaipotosha herufi moja tu, utamsikia kutoka uani, ungo wa mchele mkononi: "Rudia hapo."

Wa pili ni Nuhu, anayewatembeza wageni kwenye michoro ya kale iliyoko miambani. Alijaliwa subira. Anaweza kukaa mbele ya mwamba mmoja asubuhi nzima akitafuta mguu wa twiga uliofutika.

Wa tatu ni Rukia. Huyu tangu utotoni ukimtuma kitu, harudi bila kitu hicho, hata kama kimeisha dukani na itambidi aende mtaa wa tatu. Alikwenda Uarabuni kulea watoto. Ndege aliyopanda yeye ndiyo aliyopanda Mwasiti, na hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Mwasiti ni mtoto pekee wa Bi Sauda, mjane. Walipofika kule, yeye na Rukia waligawanywa nyumba mbili katika mji mmoja. Kwa miezi minane Mwasiti alimpigia mama yake kila Ijumaa. Kisha Ijumaa moja simu haikulia. Ya pili haikulia. Rukia alipokwenda kumuulizia kwenye nyumba aliyokuwa akifanya kazi, aliambiwa hayupo, na mlango ukafungwa. Ijumaa ya sita ukaingia ujumbe wa sauti kutoka namba isiyojulikana. Mimi nilikuwepo ulipofunguliwa. Tuliusikiliza tumesimama.

"Mama, shikamoo. Simu hii ni ya mzee mmoja mchungaji, nimemwomba. Waliichukua yangu. Wamenileta jangwani niwapikie wachunga ngamia. Tuliondoka mjini baada ya swala ya alfajiri, tukafika alasiri. Kuna kisima, maji yake yana chumvi, na mlima mweusi upande linakochomoza jua. Mama, nina homa na miguu imevimba, siwezi kutembea. Mzee anasema hapa panaitwa Zaraba. Nitafuteni."

Tuliipiga namba ile mpaka vidole vikauma. Haikupatikana tena.

Bi Sauda hakulia. Alitoka akaenda bandani, akarudi na ng'ombe wake, mtamba mwekundu, mali yake pekee yenye maana, akasimama naye mbele yetu. "Mashahidi ni nyinyi," alisema. "Naweka nadhiri. Atakayemrudisha mwanangu, mtamba huyu ni wake, mzima, na kamba yake." Kisha akamrudisha, akafunga mlango wa banda, akaketi chini palepale.

Tukatafuta Zaraba kwenye ramani ya simu. Hakuna. Tukaandika Zareba, Zariba, Sarabu. Hakuna. Rukia akaenda polisi kule kule, wakamuuliza, "Wapi?" Wakamwambia arudi akishapajua mahali. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Uarabuni ndiye aliyetukata maini. "Zariba ni zizi," alisema. "Mtoto anawaambia yuko kwenye mazizi. Na mazizi kule, nani atayahesabu?"

Hapo watu wakaanza kupungua barazani kwa Bi Sauda. Sisemi kwa kuwalaumu. Unakwenda, unakaa, unaaga.

Mwalimu Zamzamu ndiye aliyeomba ujumbe ule uhamishiwe kwenye simu yake. Akausikiliza kabla ya watoto kuingia chuoni, akausikiliza walipotoka. Siku ya nne alianza kusikia mlio sikioni hata simu ikiwa imezimwa. Siku ya nane alikuja kwa Bi Sauda, khanga imekaa upande, akasema kabla hajakaribishwa:

"Hakusema zizi."

"Kasema nini basi?" Bi Sauda aliuliza.

"Mwasiti nimemfundisha mimi. Miaka minne nilipambana naye juu ya herufi ya dhwadi, ulimi wake ukakataa. Kila dhwadi, herufi nzito ile, kwake ilikuwa zai, yaani z. Nilimchapa kwa ajili ya herufi hiyo, Mungu anisamehe. Sasa sikilizeni: kabla hajalitaja jina anasita kidogo, kama alivyokuwa akisita mbele yangu. Anajua atakosea. Yule mzee mwenye simu hakumtamkia zai ya zariba, amemtamkia dhwadi. Dhwadi, ra, ba. Irabu msizitegemee, huyo aliokota alivyosikia. Shikeni herufi hizo tatu."

Tukarudi kwenye ramani na herufi hizo. Bado hakuna. Mwalimu akafumba macho.

Nuhu alikuwa amekaa pembeni. "Mwalimu," alisema, "umesema herufi tatu bila irabu?"

Miaka miwili nyuma alimtembeza mtafiti mmoja mgeni aliyependa sana mambo ya kale. Mtafiti huyo alimwonyesha kanzidata iliyoko mtandaoni. Wataalamu wamekusanya humo majina ya mahali yaliyochongwa kwenye mawe ya Uarabuni, tangu zama za kabla ya Uislamu, na watu wa zama hizo waliandika bila irabu. "Aliniambia majina mengine wachungaji wanayatumia mpaka leo," Nuhu alisema, "ingawa ramani zetu hazinayo."

"Basi litafute," Bi Sauda alisema, kama anayemwambia mtu akachote maji.

Kazini kwa Nuhu mtandao unapatikana juu ya mwamba mmoja tu, na mwamba huo hauna kivuli. Akawa anapanda hapo kila wageni wanapoondoka, kompyuta mapajani, shati kalitandaza kichwani. Ukurasa ulifunguka nusu, ukakatika, akaanza upya. Maelezo yalikuwa ya lugha za kigeni, akayatafsiri sentensi kwa sentensi. Siku tano za mwanzo zilipotea bure: kanzidata ile inatumia herufi za Kilatini, naye aliandika d isiyo na nukta chini yake, yakaja majina sitini, akayasoma yote kabla ya kugundua kwamba humo dhwadi ni d yenye nukta. Alipoiandika sawasawa, yakaja kumi na moja.

Kila jina lilikuwa na jiwe lake, na maelezo ya mahali panapodhaniwa kuwa ndipo. Manne yaliandikwa kwamba mahali pake hapajulikani. Matatu yalikuwa milimani kwenye mashamba. Mawili pwani. Moja lilikuwa la mji uliobomoka usio na kisima. Likabaki moja. Lilisomwa kwenye jiwe lililovunjika, na chini yake mtu aliyewahi kupita huko aliandika: kisima cha maji ya chumvi, mlima mweusi mashariki, wachungaji wangali wanakiita hivyo. Zilikuwepo na namba za ramani. Nuhu akapima umbali kutoka mjini, ukalingana na safari ya alfajiri hadi alasiri. Lakini pembeni ya namba kulikuwa na neno moja: *inadhaniwa*.

Siku ya kumi na tisa alishuka mwambani, macho mekundu, midomo imepasuka. "Nafikiri nimepapata," alimwambia Bi Sauda. "Nafikiri tu, mama. Sina uhakika." Kabla hajajibiwa, alikuwa amelala akiwa amekaa.

Namba zikatumwa kwa Rukia. Akazipeleka polisi. Walizipokea, wakamwambia asubiri gari. Akasubiri siku mbili. Ya tatu akamwomba ruhusa mama mwenye nyumba alimofanya kazi.

"Ukitoka mlango huu, usirudi," yule mama alimwambia.

Rukia aliwabusu watoto aliokuwa akiwalea, akatoka. Dereva wa lori la maji, Msudani, akamfikisha mwisho wa lami. Mchungaji mmoja akampakia nyuma ya gari pamoja na majani ya ngamia, mpaka njia zikaachana. Sehemu iliyobaki aliitembea kwa viatu vya nyumbani, jua likiwa utosini, simu mkononi ikimwonyesha kidoa ambacho kilidhaniwa tu. Soli ya kiatu cha kushoto iliachia. Aliifunga kwa mtandio, akaendelea.

Aliona mlima kwanza. Kisha kisima. Kisha kibanda cha mabati.

Mwasiti alikuwa sakafuni. Alifumbua macho, akamwona mtu mlangoni, akajaribu kuinuka. "Chakula bado hakijaiva," alisema kwa Kiarabu. "Nisamehe."

"Mwasiti, ni mimi. Rukia wa Kondoa."

"Nisamehe," Mwasiti akarudia.

Rukia akambeba mgongoni mpaka kwenye hema la yule mzee aliyetoa simu, na mzee akaita gari. Hospitalini daktari alisema damu ilikuwa imeanza kuingia sumu, na siku mbili zaidi zingetosha kummaliza. Mambo ya hati na maswali yakachukua siku arobaini, Rukia akiwa kando ya kitanda. Wakarudi ndege moja, kama walivyokwenda.

Mwasiti aliposhuka kwenye basi hapa kwetu hakuna aliyepiga vigelegele. Mama na mwana walishikana, wakakaa chini kituoni, na sisi tukawazunguka ili wapita njia wasiwaone.

Wiki moja baadaye, Bi Sauda aliwaita wale watatu. Mimi niliitwa niwe shahidi.

"Nataka kuitoa nadhiri yangu," alisema. "Nilimuuliza shehe. Kaniambia itoke kama ilivyotamkwa. Nilisema atakayemrudisha. Sikusema watakaomrudisha."

"Muuze, tugawane," Nuhu alisema.

"Nilisema mzima, na kamba yake."

Mwisho Rukia akasema, bila kuinua uso, "Mama, mimi sikutaka kusema. Lakini sina kazi tena, na huko siwezi kurudi. Mwalimu alikuwa kwake. Nuhu alikuwa kwake. Aliyemkuta Mwasiti sakafuni ni mimi."

"Ni kweli," Nuhu alisema. "Ila ungetembea kuelekea wapi? Ungelizunguka jangwa lile mpaka kiama. Mimi macho yangu hayaoni tena sawasawa vitu vya karibu, daktari kasema ni jua. Mguu wa twiga siupati siku hizi, nawadanganya wageni."

Mwalimu Zamzamu alikohoa. "Mimi ni mtu mzima, ng'ombe nitampeleka wapi? Lakini msinidharau. Ungeandika zai, Nuhu, ungekesha na majina ya mazizi mpaka leo. Mlio ule haujatoka sikioni mwangu. Watoto wanakosea mbele yangu na siwasikii. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu."

Bi Sauda akamgeukia binti yake. "Sema wewe. Uliyeokolewa ni wewe."

Mwasiti alikuwa amejilaza mkekani, miguu juu ya mto. "Mama, nimechoka," alisema. "Usinifanye niwapime."

Basi wakanigeukia mimi. Nikawaomba muda, nao wakanipa, kwa sababu hata wao walitaka kwenda kulala. Muda huo umekwisha. Mtamba ana mimba na chuchu zimeanza kujaa, na Bi Sauda hataki azae akiwa bado bandani kwake, maana hapo patazuka swali la ndama juu ya swali la mama yake.

Nimelipindua jambo hili kila upande. Nikimpa aliyesikia, naiona miguu ya Rukia. Nikimpa aliyetembea, namwona Nuhu juu ya mwamba. Nikimpa aliyetafuta, nakumbuka kwamba alitafuta herufi alizopewa na mwenzake.

Nyinyi mmekaa, mmesikiliza, na hamna undugu na yeyote kati yao. Kesho asubuhi nabisha hodi kwa Bi Sauda, naye anataka jina moja tu. Nimpelekee jina la nani?