Kioo cha Bi Mwanakombo

Bi Mwanakombo alitoa sharti: atakayempiga picha ikampendeza, ndiye atakayepiga picha za harusi ya mjukuu wake. Chausiku, aliyekuwa na simu tu, aliitaka kazi hiyo kuliko chakula.

"Mdogo wangu, simu ni ya kuulizia bei ya vitunguu!" Shembilu, mpiga picha mwenzake aliyeitaka kazi hiyo pia, akamcheka, akiinua likamera lake.

Likamera likalia. Bibi akakauka kama aliyeitwa na hakimu.

"Nimekubali, kaka, umeshinda," Chausiku akasema. "Bibi, nishikie simu nimsaidie kufungasha vifaa vyake."

Bibi akaitazama simu, akacheka hadi pengo likaonekana. "Kumbe ni kioo! Nani huyu mrembo?"

"Ndiye uliyekuwa unamficha," Chausiku akajibu, akiipokea simu aliyoitega ipige picha yenyewe.

Bibi akaichagua picha hiyo. Shembilu alikuwa hajamaliza kufungasha.